Ngamia Sita wa Bibi Kabula

Ti-ti-tii, ti-ti-tii, tiiii… Halafu sauti ikalegea kama mtu anayesinzia huku anaongea, ikakatika. Huo ndio mlio wa kwanza niliousikia kazini, na mpaka leo nikifumba macho nausikia. Nilikuwa nimefungua kadi ya Krismasi ya zamani, zile za muziki, nikaruka nyuma nikagonga meza. Akina mama watatu wa karakana wakacheka hadi mmoja akavua miwani ajifute machozi.

"Karibu kazini, Milembe," akasema Fundi Mkuu. "Kadi imekupigia bendi."

"Lakini haikumaliza wimbo! Ilibaki kidogo tu."

"Betri imechoka. Haya, itie kwenye kopo la vya baadaye."

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaopenda kazi za mikono, na msicheke nikisema mimi ni mstaafu. Nina miaka ishirini na sita. Nilifanya kazi ya kadi kwa miaka saba pale Ng'ambo, Tabora, kwenye chumba kimoja kati ya fundi cherehani na muuza mikeka, na kazi yenyewe imekwisha. Kwa hiyo nimestaafu, tena kwa heshima zote. Shule niliishia kidato cha pili, ila mkasi naujua.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua kadi za Krismasi ambazo watu wamemaliza kuzifurahia na kuzifanya vitu vingine. Makanisa ya mjini na vijijini yalitukusanyia maboksi. Boksi likifunguliwa, jamani, furaha yake! Nyota, kengele, malaika wenye mashavu, na nyumba zilizofunikwa na kile cheupe ambacho mimi wiki nzima ya kwanza nilidhani ni pamba ya Igunga imemwagika. Tulitengeneza vibandiko vya zawadi, vile vya kufungwa kwa uzi, alama za kuweka kitabuni, viboksi vya pipi, na mapambo ya kuning'iniza mlangoni. Vipande vidogo kabisa tuliwapa walimu wa chekechea wafundishie rangi na hesabu.

Fundi Mkuu aliwahi kujalidi vitabu, na alitufundisha hatua tatu kama mtu anayefundisha sala. Kwanza kusoma: unafungua kadi, unasoma kilichoandikwa ndani. Pili kufunga: unapaka gundi ndani, unaikunja kadi ijifunge yenyewe, inakuwa ngumu kama ubao mwembamba. Tatu kulaza, yaani kuiweka chini ya matofali yaliyofungwa magazeti mpaka kesho yake, ndipo unakata. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo.

"Mbona tusinunue ya dukani?" nilimuuliza.

"Ya dukani haisamehe. Ya muhogo ukikosea inakubali kuachia."

"Na kusoma kunasaidia nini? Si zote zinasema heri ya Krismasi?"

Aliniangalia juu ya miwani. "Wewe soma tu, binti."

Mwaka wangu wa pili nikapewa cheo. Nikawa msimamizi wa oda za sokoni! Nilijisikia kama nimepewa wilaya. Mteja wangu mkubwa alikuwa Bi Zuhura, muuza asali, mama wa maneno mengi. Karibu na Idi alikuja na mitungi yake midogo akitaka kila mmoja uwe na kibandiko kizuri shingoni.

"Ila mimi vibandiko vyangu vinatoka kwenye kadi za Krismasi, Bi Zuhura," nikamwambia kwa woga.

"Nitafutie nyota na taa. Na ngamia pia! Ngamia hana dini, mwanangu. Tena laiti wangepita hapa enzi zile za misafara, babu zangu wasingekuwa na vipara kwa kubeba mizigo ya watu kichwani."

Nilifurahi mno. Nikapekua maboksi, na kwenye boksi lililotoka Kwihara nikaipata kadi moja nzuri kuliko zote: ngamia sita wanapanda kilima cha mchanga, watatu juu, watatu chini. Vibandiko sita kamili, kila kimoja na ngamia wake! Oda ilikuwa ya keshokutwa. Kwa haraka na kwa raha niliyokuwa nayo nikapaka gundi, nikafunga, nikalaza. Kesho yake nikakata, nikatoboa, nikapitisha uzi wa kijani. Sikusoma.

Siku mbili baada ya kupeleka oda, asubuhi, bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka bibi mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, miguuni viatu vyeusi vya ngozi vya kizamani vinavyong'aa.

"Mwangaluka," akatusalimia Kinyamwezi.

"Mwangaluka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Kabula, natoka Kwihara. Mkwe wangu alifanya usafi, akamimina makaratasi ya kwenye kopo langu ndani ya boksi la kanisa. Simlaumu, hakujua. Nataka moja tu. Ina wanyama wenye vibyongo."

Mkasi nikauweka mezani. Fundi Mkuu aliniona uso, akaelewa. Akamwekea bibi kiti.

"Ilikuwa ya nani, mama?" akauliza.

"Ya mume wangu. Alikuwa anafanya kazi reli, kule Mpanda. Hiyo ndiyo ya mwisho aliyoniandikia. Kusoma sijui, nilisomewa. Lakini napenda kuishika."

Mimi nikasema, maana nani mwingine angesema? "Bibi, nimeikata mimi. Nisamehe. Nimeikata vipande sita na nimevipeleka sokoni."

Bibi Kabula akavitazama vidole vyangu vilivyokauka gundi. "Na maandishi?"

"Yamo ndani. Yamefungwa ndani ya vipande."

Akaniuliza polepole, "Basi hayajafa?"

Hapo ndipo nilipotoka mbio. Nilikimbia na kandambili moja, nyingine ilibaki mbele ya mlango wa fundi cherehani. Bi Zuhura aliponiona akashtuka.

"Kuna moto?"

"Ngamia, Bi Zuhura! Wote sita nawataka!"

Nilipomweleza, aliacha mzani wake hapo hapo. Mitungi mitatu ilikuwa bado mezani. Wa nne na wa tano ilikuwa kwa jirani zake, akanishika mkono tukaenda naye nyumba kwa nyumba, yeye akipiga kelele mlangoni, "Asali bakini nayo, ngamia mrudisheni!" Wa sita ulinunuliwa na abiria wa Kigoma. Treni ilishaondoka.

Niliporudi, Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kuchemsha birika. "Sasa utajua kwa nini tunapika muhogo," akasema. Alinionyesha kushika kipande juu ya mvuke, si karibu sana, mpaka gundi ilegee, kisha kupenyeza kisu cha mfupa pembeni na kufungua bila kuvuta. Kipande cha kwanza kilipoachia, nikaona herufi za penseli, zimepauka lakini zipo. Nikapiga kelele kama aliyefunga goli!

Tulifungua vyote vitano, tukavipanga mezani mbele ya bibi, nami nikasoma. "Mke wangu Kabula. Nimepata fundi wa viatu hapa. Mguu wako nilimwonyesha kwa kiganja changu. Nakuja navyo…" Pale chini palikuwa na nafasi tupu, upana wa vidole viwili.

"Sikukuu usiende peku, nisubiri," akamalizia bibi, bila kuangalia karatasi.

Sote tukatazama miguuni kwake.

"Viatu vilikuja na begi lake," akasema. "Yeye alizidiwa na homa hukohuko."

Nilitaka sana kurekebisha. Nikachukua penseli. "Bibi, nikuandikie hapo palipobaki? Nitaandika maneno hayohayo."

"Usiandike, mjukuu wangu. Mwandiko wako si wake. Pawe wazi. Kilichopo hapo nakijua."

Tukavibandika vipande vitano juu ya karatasi ngumu, kwa muhogo, na nafasi tukaiacha. Bibi akaiweka kifuani, akapanda bodaboda yake. Kabla haijaondoka akanigeukia. "Unakimbia vizuri. Tafuta na ile kandambili."

Tangu siku hiyo nilisoma kila kadi. Nilipopelekwa Ulyankulu kuwafundisha walimu wa chekechea kutengeneza michezo ya picha, kitu cha kwanza nilichowaambia kilikuwa hicho: fungua, soma. Ukiona jina limeandikwa kwa upendo mno, iweke kando, uulize. Tulirudisha kadi nyingi namna hiyo. Zingine wenyewe walisema, "Kata tu, tumeshaagana nayo," nasi tukakata kwa amani.

Baadaye maboksi yakaanza kuja mepesi. Watu siku hizi wanatumiana salamu za sikukuu kwa simu, na ni nzuri, zinacheza na kumeta. Lakini huwezi kuikata simu vipande sita. Mwaka jana lilikuja boksi moja, mwaka huu hakuna. Fundi Mkuu akatupikia pilau, akatugawia mikasi, akasema kazi imekwisha vizuri. Mimi nilipata mkasi wenye meno, ule unaokata ukingo kama mawimbi. Sina huzuni! Kalenda za zamani zipo, magunia ya saruji yapo, na kichwa changu kimejaa mambo hata usingizi unapata shida kuingia. Ila kazi hii ndiyo iliyonifundisha kwamba karatasi ya mtu ni mtu, na kwamba ukikosea, kimbia.

Siku ya kufunga karakana nilibaki nyuma kufagia. Kwenye kopo la vya baadaye nikaikuta ile kadi yangu ya kwanza. Nikatoa kidude chake cha muziki, nikaenda kwa fundi saa akakitia betri mpya. Nikarudi, nikakitia ndani ya kadi niliyoitengeneza kwa masalia ya mwisho: nyota mbili, na ngamia mmoja niliyemchora mwenyewe, nundu yake imepinda kidogo. Ndani sikuandika neno. Kwenye bahasha niliandika: Bibi Kabula, Kwihara.

Kabla ya kuitia kadi kwenye bahasha niliketi sakafuni, peke yangu katika chumba kitupu, nikaifungua. Ti-ti-tii, ti-ti-tii. Nikashika pumzi pale ilipokatikia siku ile. Ikapita. Ikaimba mpaka mwisho.