Shati Moja la Sare

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na shati moja la sare. Mama alilishona mwenyewe, kwetu Nyamianda, akalipima katikati: mdogo wangu lilimpwaya, mimi lilinibana kwapani. Kikundi cha wasichana cha parokia kiliwakutanisha wadogo Jumamosi na sisi wakubwa Jumapili baada ya misa, kwa hiyo mama aliona shati moja linatosha. Hakufikiria beji.

Beji zilikuwa vitambaa vya duara vya kushonea kwenye mkono wa shati, kila kimoja kwa jambo uliloliweza mbele ya kiongozi. Mdogo wangu alikuwa na ya kuogelea, ya kuimba, ya huduma ya kwanza, na ya kuwasha moto kwa kuni mbichi. Mimi sikuwa na hata moja. Na ilikatazwa kabisa kuvaa beji isiyo yako. Basi kila Jumamosi jioni nilichukua wembe nikazifumua zake, na Jumapili mchana mama akazirudisha. Nilisimama mstarini na mkono mtupu uliojaa matundu ya sindano, na wenzangu wote waliyaona. Kwa wivu, hata wimbo wa kufungulia mkutano sikuuimba.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba hakuringa. Angeringa, ningemchukia kwa raha zangu. Yeye alikuja kuniuliza nataka beji gani ili anisaidie kujifunza. Nilimwambia aende akaoshe vyombo.

Nikachagua beji ya mafundo ya kamba, kwa sababu hiyo hakuwa nayo. Baba hutengeneza nyavu pale Kalundu. Likizo nzima nilikaa kando yake nikifunga na kufungua mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kiongozi wetu alivuta kila fundo langu, na hakuna lililoteleza. Nikapewa beji. Mama alinipiga picha kwa simu yake, akawatumia shangazi zangu wote.

Sikumpa aishone. Niliishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, ule wa nailoni, kila mshono na fundo lake, ili wembe usipate pa kuingilia. Nilijua ninachofanya. Jumamosi ikifika, mdogo wangu angesimama mbele ya watu na beji isiyo yake. Nilitaka aibu imkute na yeye, hata mara moja tu.

Siku hiyo nilimfuata, nikasimama nje ya dirisha la ukumbi. Kiongozi wa wadogo akaushika mkono wa shati, akamuuliza hiyo ya mafundo aliipata lini.

"Haiko yangu, Shefu," akasema mdogo wangu. "Iko ya dada yangu mukubwa. Nilitafuta kuitosha, kuifumua na wembe, nikashindwa. Vile dada anafungaka, hakuna muntu anaweza fungua."

Kiongozi akajaribu kwa kucha, akashindwa, akacheka. Akasema beji hiyo ibaki hapo hapo, na aliyeifunga apigiwe makofi. Wakapiga kwa nguvu, ukumbi mzima. Mimi nilikuwa nje, na mdogo wangu alikuwa mbele yao, akitabasamu na kuinamisha kichwa. Hata makofi yangu akayapokea yeye.