Cherehani ya Mlinzi Bora

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa filimbi, kamba ya katani na debe tupu. Nilikuwa nimeshuka kwenye treni ya kutoka Tabora, vumbi bado liko kichwani, nikaenda moja kwa moja bomani kuripoti kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya. Siku zile michezo ilikuwa chini ya utamaduni, pamoja na ngoma na kwaya. Mpanda yenyewe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na mtu akitaja Katavi alikuwa na maana ya hifadhi ya wanyama tu. Nikauliza debe ni la nini. Nikaambiwa la majivu. Chokaa ya kuchorea uwanja ilikuwa haijaletwa, kwa hiyo nipite kwa mama lishe wa stesheni, niombe majivu ya jikoni, nivute kamba na kuchora mistari.

"Mwamuzi anayesubiri chokaa," aliniambia yule Afisa, "atastaafu hajapuliza filimbi."

Basi nikaanza hivyo, mikono myeupe kama mpiga ramli. Nilikuwa msaidizi wake upande wa michezo ya wanawake, na michezo ya wanawake wakati huo maana yake ilikuwa mpira wa pete. Nyie vijana mnausikia siku ya michezo ya wafanyakazi tu, kwa hiyo nieleze kidogo. Wachezaji ni saba kila upande, na kila mmoja ana herufi kifuani zinazosema anaruhusiwa kufika wapi. GS na GA ndio wafungaji. GK ni mlinzi wa mwisho, anakaa ndani ya duara chini ya pete na kuruka na wafungaji. WA ni mpishi: yeye ndiye anayewapelekea wafungaji mpira. WD ni mlinzi wa pembeni, kazi yake ni kumnyima mpishi huyo kuni. WD haruhusiwi kuingia kwenye duara, kwa hiyo pale watu wanapopiga kelele yeye hayupo. Kumbukeni herufi hizo mbili, maana ndizo zilizonigombanisha na wakubwa wangu.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kibaoni, Mpimbwe, chini ya Katibu Tarafa aliyependa michezo kuliko alivyozijua sheria zake. Mchezo wa kwanza tu alinifuata pembeni ya uwanja baada ya mimi kumpulizia filimbi binti wa timu yake aliyekimbia na mpira mkononi, jambo ambalo haliruhusiwi kabisa. Akanisihi kwa upole kwamba binti huyo ametoka Usevya kwa miguu, nimwache naye akimbie kidogo. Nilikataa. Hakunisalimia mpaka mahindi yakavunwa. Lakini nilipohamishwa kurudi mjini alinipa gunia la mchele, akasema mwamuzi asiyenunulika inabidi apewe zawadi akishaondoka.

Niliporudi Mpanda mjini, nilimkuta bosi wangu yule yule na ligi imekua. Kulikuwa na timu ya Nsemulwa, timu ya Kibaoni, timu kadhaa za vijijini, na timu ya Litapunga, iliyoundwa na akina mama waliokuwa wakichambua tumbaku kwa msimu. Mwaka huo alijitokeza mfadhili, mfanyabiashara mmoja wa sokoni mwenye duka la vitambaa. Mfungaji bora akamwekea sufuria, nahodha bora doti ya kitenge. Mlinzi bora akamwekea cherehani, ya miguu, mpya, bado ina grisi. Tulipomuuliza kama hakukosea, alijibu kwamba dukani kwake anayezuia hasara ni mkubwa kuliko anayeleta faida. Hatukuongeza neno, tusije tukampa nafasi ya kubadili mawazo.

Bosi akaandika tangazo kwa mkono wake na kulibandika bomani, sokoni na stesheni: ZAWADI YA MLINZI BORA WA WILAYA, CHEREHANI. Kesho yake asubuhi nilikuta walinzi wa maghala na maduka wamekaa kwenye baraza ya ofisi yetu, rungu magotini, wamekuja kujiandikisha. Mmoja alieleza kwamba kwenye ghala lake halijawahi kupotea hata jani moja la tumbaku, na mke wake anajua kushona. Bosi alitumia nusu ya asubuhi kufafanua kwamba ni walinzi wa mpira wa pete. Yule mlinzi wa ghala akasimama, akasema basi tungeandika wanawake wanaodaka mpira, tusiwasumbue watu waliotoka zamu. Ofisi nzima ilicheka wiki nzima, isipokuwa bosi.

Kamati ya kuchagua ilikuwa na watu watatu: bosi kama mwenyekiti, Katibu wa chama cha mpira wa pete wilayani, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na mimi niliyechezesha karibu michezo yote. Majina yaliyobaki yalikuwa mawili. La kwanza Anastazia, GK wa Nsemulwa, mrefu, mwenye kuruka mpaka mkono unapita pete. Akidaka mpira hewani uwanja mzima unasimama. La pili Kabula, WD wa Litapunga, mfupi, mkimya. Sikumsikia mtu yeyote akilitaja jina lake uwanjani zaidi ya wenzake wakimwomba maji.

Cherehani ile ilikuwa na maana gani kwa Kabula, kila mtu Litapunga alijua. Mume wake alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu na hakurudi wala kutuma salamu. Alibaki na watoto wawili na kibarua cha kuchambua tumbaku, na tumbaku ikishafungwa marobota kibarua kinakwisha. Kushona alijua, alifundishwa na mama yake mdogo, ila alikuwa akishona kwa mashine ya kuazima, usiku wa kuazima na sindano ya kuazima. Alinieleza haya mwenyewe siku moja tukisubiri lori la kuwarudisha kijijini, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia.

Lakini sikumtetea kwa sababu ya shida zake. Anastazia naye hakuwa tajiri. Nilimtetea kwa sababu mimi nilikuwa nasimama pembeni ya mstari na niliona alichokuwa akikifanya. Walinzi wengine wanaufuata mpira. Kabula alikuwa anamtazama anayetaka kuutoa mpira, anatazama bega lake, na kabla bega halijageuka yeye ameshapiga hatua na kusimama kwenye njia. Anayerusha anamwona, anaghairi, anatafuta upande mwingine. Kwa macho ya mtazamaji hakuna kilichotokea. Kwenye fainali, WA wa Nsemulwa aligusa mpira mara chache mpaka akaanza kugombana na wenzake, na GK wa Litapunga alipata nafasi ya kufunga kilemba chake upya mchezo ukiendelea. Litapunga walichukua kombe.

Niliyasema yote hayo kwenye kikao. Nikasema pia kwamba Anastazia aliruka sana kwa sababu mbele yake mlango ulikuwa wazi, wenzake waliacha kila kitu kipite. Katibu akauliza kama ni kosa la Anastazia kuwa na wenzake wabovu. Lilikuwa swali zuri. Bosi alikuwa ameshikilia lake.

"Kizuri chajiuza, Bi Yustina," alisema. "Huyu Anastazia hata mbuzi wa hapa uwanjani wanamjua. Wewe unataka nisimame mbele ya watu, nimpe cherehani mtu ambaye hawakumwona akifanya kitu?"

"Hawakumwona kwa sababu alishakifanya, Mzee."

"Basi na mimi nitawaambiaje?"

Nikapendekeza tuwaulize washambuliaji wa timu zote, kila mmoja ataje mlinzi asiyetaka kukutana naye. Wakakubali, na tukafanya hivyo kesho yake. Kila GS akamtaja Anastazia. Kila WA akamtaja Kabula, mmoja hata akaapa. Tukarudi pale pale, maana kila mtu anamjua mwiba uliomchoma yeye. Ikapigwa kura. Mbili kwa moja, cherehani ikaenda Nsemulwa.

Nilikasirika na sikuficha. Siku ya zawadi uwanja ulijaa shangwe, Anastazia akilia kwa furaha, na mimi nikampongeza kwa sababu hakuiba kitu cha mtu. Kisha nikamtafuta Kabula nyuma ya lori. Nikamweleza kuwa kura yangu ilikuwa yake, na kuwa katika kazi yangu yote sijaona mlinzi kama yeye. Niliona ni haki ajue.

"Kumbe wanaangalia kuruka," akasema.

Nikamwambia wanaangalia kuruka, ndiyo, lakini wasiojua. Akaitikia kwa kichwa, akapanda lori.

Msimu uliofuata mfadhili aliweka zawadi zile zile. Mchezo wa kwanza wa Litapunga, mpira ukaanzishwa katikati, na Kabula akaruka. Nilidhani ni bahati mbaya. Akaruka tena. Aliacha WA wake wazi kabisa, anasubiri mpira urushwe, kisha anatokea mbali kama mwewe na kuupiga hewani. Mmoja anaupata, miwili inampita. Ile inayompita watu hawakuihesabu kwake, waliihesabu kwa GK aliyekuwa nyuma, ambaye msimu huo hakuwa na muda wa kilemba. Watu wakamjua Kabula. Watoto wakaimba jina lake. Kwenye nusu fainali Kibaoni waliwafunga Litapunga vibaya, na Kabula alitoka uwanjani amebebwa mabegani.

Kikao cha kamati hakikuchukua muda. Bosi alifurahi, alisema safari hii hata mimi nitaridhika. Nikampigia kura WD wa Kibaoni, binti ambaye bosi alilazimika kuniuliza jina lake. Mbili kwa moja, Kabula akapata cherehani.

Nilimfuata tena nyuma ya lori. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilimwambia kwamba mwaka huu sikumpa kura, kwa sababu mwaka huu hakulinda.

"Najua, Bi Yustina," akasema. Alikuwa ameshikilia gurudumu la mashine lisigonge ubao wa lori. "Mwaka jana nililinda, ukanipa kura. Nikashukuru. Lakini kura yako haishoni."

Nilichezesha ligi ile miaka mingine mingi, chini ya maafisa watatu waliofuata, na kila mwaka wa zawadi niliwaona walinzi wazuri wa pembeni wakijifunza kuruka. Sheria ziliongezeka, chokaa ikaanza kuletwa, mpaka siku hizi wapo wanaohesabu kila mpira ulioguswa. Ambao haukurushwa bado sijaona anayeuhesabu, na sijui angeanzia wapi.

Nilipostaafu, ofisi ilinifanyia hafla ndogo. Katavi ilikuwa imeshakuwa mkoa, na vijana wa idara wengi hawakunijua. Kabula alikuja kutoka Litapunga na wajukuu. Watoto wake wote wawili alikuwa amewasomesha kwa mashine ile. Kijana aliyeshika kipaza sauti akaniomba nitaje mlinzi bora niliyewahi kumchezesha, nami nikamtaja Kabula na kumnyooshea kidole. Wakampigia makofi, wakamsimamisha, wakamwuliza siku aliyopewa tuzo ilikuwaje.

"Mwulizeni yeye," Kabula akasema. "Siku hiyo alininyima kura."

Watu wakacheka sana, wakidhani ni utani wa mashoga wawili wazee. Kijana akanigeuzia kipaza sauti nijitetee. Nilikishika, nikamtazama Kabula aliyerudi kuketi na wajukuu wake walioshiba, wamevaa sare alizowashonea, nikamrudishia kijana kipaza sauti chake.