Siku Niliyomkuta Mama Mukwe Kwenye Pisini

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya pisini, ile ya bwawa la kuogelea inayochoma macho, moyo unanipiga paa! Watu wananiuliza kwa nini siku za Jumatano sionekani kabisa majini. Nawaambia nina kazi nyingi. Mwongo mimi.

Kazi yangu ni kupitisha karatasi za malori mpakani, pale Kasumbalesa. Ukisikia kazi usifikiri jasho. Ni kukaa tu. Unakaa ndani ya gari, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unangoja muhuri, unakula vitumbua, unangoja muhuri mwingine. Miaka kumi na tano ya kungoja ikanipa tumbo la heshima na damu inayopanda. Daktari alinipima, akanipima tena, halafu akaniuliza, bila hata kucheka, "Papa, bibi yako anajua kama anakaribia kuwa mujane?" Nilishtuka mpaka nikasahau kofia yangu kwake.

Basi nikaanza futingi, mbio za barabarani. Asubuhi na mapema, mtaani Kamalondo, katikati ya washonaji wanaofungua milango yao. Walinicheka bila huruma. "Papa, nani anakufukuza?" "Papa, tumbo inakutangulia, uikamate!" Nikakaza meno, nikakimbia kila siku kama mjinga, na mwezi haujaisha goti la kushoto likavimba. Daktari akanigombeza upya. Akasema nichanganye: siku mbili nikimbie, siku mbili niogelee. Mbio zitafundisha moyo, maji yatapumzisha goti.

Mimi niliona mzaha. Kumbe ni kweli. Pumzi niliyoitafuta barabarani nilikuwa naikuta ndani ya maji, na kesho yake miguu ilikuwa myepesi barabarani. Mwezi wa nne nilitoboa mshipi wangu matundu mawili mapya, nikawaonyesha wale washonaji kwa kiburi.

Siku alizipanga mke wangu. Jumatatu na Jumatano kukimbia, Jumanne na Ijumaa pisini. Mimi nilipendelea Jumatano kwa maji, akakataa. "Jumatano hapana. Nimesema hapana." Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli, na mtoto ana akili ile ile: treni mbili hazipewi njia moja saa moja. Tatizo ni kwamba hakuniambia treni ya pili ni nani.

Sasa mjue kwamba kwetu bukwe, heshima ya wakwe, si mchezo. Mama mukwe wangu ni mjane, mama wa Kikatoliki mwenye asili ya kaskazini, na tangu nimwoe binti yake, miaka kumi na saba, hatujawahi kushikana mkono. Sijala mbele yake. Akija nyumbani mimi natokea mlango wa nyuma. Tukikutana njiani, yeye ndiye anayewahi kunipisha: anashuka pembeni, hata kama ni mtaroni, anapiga makofi taratibu, macho chini, nami naitika macho chini. Si chuki hata kidogo. Sombe yake ya majani ya muhogo naijua kuliko sura yake, na jiko lake mimi ndiye niliyelijenga, kwa maneno yaliyopita kwa mke wangu.

Jumanne moja foleni ya malori ilinishika Kasumbalesa siku nzima. Maji ya Jumanne yakanipita. Nikaona si neno, nitaogelea Jumatano asubuhi. Mke wangu alikuwa ameshaenda sokoni, sikumwambia mtu.

Pisini ilikuwa kimya. Mlinzi wa maji alinikaribisha, akaenda kutafuta ufunguo wa stoo. Nikaingia, nikaenda na kurudi, kichwa ndani ya maji, nikijisifu rohoni. Mara ya sita nikagusa ukuta, nikapandisha miwani. Hatua tatu mbele yangu alikuwa amesimama mama mwenye kofia ya plastiki yenye maua na fulana kubwa, ameshika chuma cha ukingoni. Nikamwambia bonjour. Akageuka.

Yo! Mama yangu!

Mama mukwe! Ndani ya maji yale yale! Na mimi nimevaa kichupi cha bluu, maji yenyewe meupe unaona mpaka vidole vya miguu! Nilizama mpaka kidevuni. Yeye aligeukia ukuta kwa haraka mpaka kofia ikamkaa upande. Mwishowe akauambia ukuta, "Ba mukwe, ni weye iko mu mayi?"

"Niko, mama," nikajibu. "Lakini hesabu siko."

Baadaye ndipo nilipojua kwamba magoti yake nayo yalikuwa yanamsumbua, na daktari alimtuma majini kila Jumatano pamoja na wamama wengine wawili, ambao siku hiyo walichelewa. Wakati ule nilijua kitu kimoja tu: nguo zangu ziko kwenye benchi upande wake, na ngazi za kutokea ziko nyuma yangu. Mmoja wetu lazima apite mbele ya mwenziwe.

Akanipisha. Alifanya vile anavyofanya njiani kila siku: akajivuta pembeni, macho chini, mkono juu ya chuma, akienda upande wa pili ili aniachie njia. Upande wa pili ni kule kwenye kina. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho, sikuona alipofika. Chuma kile kinaisha katikati ya ukuta. Nilisikia maji yanapigwa, nikainua macho, kofia ya maua ikawa haipo.

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, na naisema wazi. Nilisimama. Miezi minne ya mbio na maji, pumzi tele kifuani, mtu anazama mbele ya macho yangu, na mimi nimesimama kama lori linalongoja karatasi! Nikamwita mlinzi. Nikatazama mlango. Nikamwita tena. Uso wa mama mukwe ukatokea juu ya maji, macho wazi, ukarudi chini. Kichwani mwangu lilikuwa neno moja tu: nitamshikaje? Nitamshika wapi?

Mkono wake ulitokea, ukafumba, ukapotea. Hapo nikaenda. Sikumbuki nilivyoogelea. Nakumbuka nilimshika chini ya makwapa kwa nguvu zangu zote, na jinsi alivyokuwa mwepesi. Nikamfikisha ukingoni, akakohoa, akatapika maji, akakohoa tena, mzima. Nilimpa taulo langu nimegeuza uso, naye akalipokea. Mlinzi akafika na ufunguo wake mkononi.

Nyumbani mke wangu alilia, halafu akawaka. "Nani alikwambia ugeuze siku? Mi nilipanga siku juu tu musikutane!" Kisha akanikumbusha kwamba kumgusa mama mukwe kunahitaji kusafishwa kwa kuku. Sikubisha. Kesho yake nilinunua kuku mzuri, mweupe, mke wangu akampelekea mama yake.

Alirudi mchana, akakaa bila kuvua viatu. "Mama amepokea. Anasema ulete ingine."

Nikapandisha hasira. Ingine ya nini? Nimemtoa kwenye kifo! Kama ni kuonana uchi, si hata yeye aliniona?

Mke wangu hakucheka. "Anasema hii moja iko ya kumugusa. Ya pili iko ya ule wakati ulisimama unamuangalia." Akanitazama. "Ulisimama?"

Sikuwa nimemwambia mtu, hata padri. Nilidhani mtu anayezama haoni kitu. Kumbe aliona yote, mpaka macho yangu yakikimbilia mlangoni. Nikamjibu mke wangu, "Ndiyo." Ilikuwa sauti ndogo sana.

Asubuhi iliyofuata nilimnunua kuku wa pili sokoni, nikamweka kwapani, nikakata Kamalondo mbio. Washonaji wakapiga kelele, "Papa, umeiba?" Sikupunguza mwendo wala sikumtuma mke wangu. Nilifika kwa mama mukwe natweta, jasho mpaka viatuni, nikamkuta amesimama mlangoni.

Hakunipisha. Alinyoosha mikono yote miwili, akampokea kuku kutoka mikononi mwangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba akanitazama usoni, macho makavu.

"Ba mukwe," akasema, "leo haukukawia."