Mchumba Wangu Aliipeleka Sala Yetu Ulingoni

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, Mkenya wa Nakuru, mhudumu wa mkahawa wa hoteli moja hapa Bur Dubai. Mchumba wangu ni askari wa kampuni ya ulinzi, nitamwita Elija ingawa silo jina lake. Likizo ijayo tunatakiwa kwenda kwa wazazi wangu kwa mambo ya mahari. Sasa hivi hata akinigusa bega mwili unanisisimka, na si kwa uzuri.

Kwanza mjue kwamba napenda mieleka na sioni haya. Nimeitazama tangu utotoni kwenye televisheni ya jirani. Wanaoniambia eti ni maigizo nawashangaa, kwani hizo filamu mnazolilia ni za kweli? Najua wanapangiana nani ashinde. Mimi nataka tu mtu aanguke vizuri.

Basi mgeni mmoja wa hoteli alimwachia madam wetu tiketi mbili za onyesho la mieleka kwenye ukumbi wa michezo, naye akatupa mimi na Nakato, Mganda ninayefanya naye kazi. Elija alikuwa ameniambia yuko zamu. Pambano la kwanza lilinichosha. Jamaa mmoja alianguka hata kabla hajaguswa, na refa alihesabu huku akitazama wasichana. La pili lilikuwa tamu mpaka nikasimama juu ya kiti.

Kisha taa zikazimwa, ngoma zikaanza kulia kwenye spika. Mtangazaji akasema anakuja kiumbe kutoka misitu ya Afrika ambaye hajawahi kuvaa viatu. Akaingia mzungu mwenye kaptura ya kaki na mjeledi, akivuta mnyororo, na mwisho wa mnyororo alikuwepo mtu mweusi. Amepakwa chokaa uso mzima, kitambaa cha madoa ya chui kiunoni, mifupa imefungwa kichwani. Akarushiwa pande la nyama mbichi, akalitafuna, damu ikamchuruzika kidevuni. Nikazomea pamoja na wengine, maana adui huzomewa, ndiyo kazi yetu mashabiki. Mbele yetu baba mmoja alimpakata mwanawe akimfundisha kulia kama nyani. Nakato akaniuliza, "Dada, kumbe ndivyo wanavyotuona?"

Yule mtu akamwangusha mpinzani wake. Akasimama juu yake, akainua mkono wa kulia, akageuza macho yakabaki meupe. Mtangazaji akasema sasa anamloga. Nikasikia Kiswahili, kwa sauti ya Elija wangu: "Bwana, wakumbuke tuliowaacha nyumbani, na sisi uturudishe tukiwa wazima."

Niwaeleze maneno hayo ni nini. Tuna ushirika wetu wa maombi kila Ijumaa kwenye fleti moja mtaa wa Satwa, hapa hapa Dubai, Wakenya watupu. Miaka miwili iliyopita mwenzetu, naye askari, alianguka kwa joto akiwa getini, akarudishwa kwa mamake ndani ya sanduku. Kwenye maombolezo Elija alisimama akainua mkono, akatunga sala hiyo papo hapo, na tangu siku ile hatujawahi kuachana bila kuisema. Hapo ndipo nilipompenda. Sasa nilikuwa nimekaa katikati ya watu wanaoizomea na kuirushia chupa. Akapigwa teke la uso, akaburutwa na mnyororo, ukumbi mzima ukiimba arudi kwao. Nilikimbilia chooni nikatapika.

Kesho yake nilimwita kwenye kijimkahawa cha chai Satwa. Nikamwambia nilikuwepo. Akainama.

"Walikuja kazini kwetu wakitafuta mtu wa kuigiza, wakanichagua. Waliniambia niseme kitu chochote cha Kiafrika, yalla, haraka," akasema. "Kichwa kikawa tupu, babe. Na yule jamaa ni mzito, nilijua akiinuka atanirukia kutoka kamba ya juu. Niliogopa. Nilisali kweli."

"Na yale macho, Elija?"

Akakoroga chai. "Hayo walinifundisha."

Angeniambia alikuwa anatania ningemrudishia pete pale pale. Lakini kama kweli alikuwa anasali, nimkasirikie nani? Hapo hapo akaongeza kwamba wenye onyesho waliipenda sana ile sehemu. Wanataka aiseme kila mara, hapa, Doha na Bahrain, na kazi ya ulinzi ni khalas, anaiacha. Aliniambia hivyo akitabasamu. Nilimwangalia ule mdomo nikaona kinyaa, siwafichi, nikaacha chai yangu mezani.

Ijumaa iliyopita aliwatangazia wenzetu kwamba amepata kazi ya maonyesho. Wakapiga makofi. Tulipofika mwisho akainua mkono ule ule, kwa sauti ile ile, akasema maneno yetu, na wote wakaitika amina. Mimi nilifumbua macho nikautazama mkono wake. Nakato ni Mwislamu, hayupo kwenye ushirika wetu, kwa hiyo pale ndani ninayejua ni mimi peke yangu. Mchungaji wetu akasema Ijumaa hii tutamwekea mikono kumbariki kwa safari, na kwa kuwa mimi ndiye mke mtarajiwa, sala ya mwisho nitaiongoza mimi. Elija akanifinya mkono kwa furaha.

Nikisema ukweli, atafukuzwa kwenye ushirika na harusi imekufa. Nikinyamaza, nitakuwa nimebariki yale macho meupe. Ijumaa mkono wangu utakuwa kichwani pake, pale pale walipomfunga mifupa, na watu wote watakuwa wamefumba macho wakisubiri nianze na neno "Bwana". Ninyi ambao hamtujui, niambieni, niiseme ile sala au niondoe mkono?