Gunia Chini ya Kitanda cha Wageni

Wale watawa wawili wa Kibudha walipofika kwangu Bukoto, Kampala, Waasia walikuwa wameshafukuzwa nchini, na yeyote mwenye rangi yao alitazamwa kama mzigo uliosahaulika stesheni. Walikuwa watu wa Sri Lanka, vichwa vimenyolewa, wamejifunga mashuka ya rangi ya machungwa. Jengo zima liliwaona wakipanda ngazi.

Dini yao niliikuta India nikisoma chuo kikuu. Nilirudi nyumbani na shahada, mkeka wa kukalia, na imani kwamba ubinafsi nimeushinda. Kila alfajiri nilikaa nusu saa nikijifunza kuachilia. Kuachilia nini, sikujiuliza. Chini ya kitanda nilichowapa wageni kulikuwa na gunia dogo la sukari, na asubuhi ya siku yao ya pili nilikuwa nimewapa uji bila sukari huku nikiwaeleza shida za nchi.

Saa nne jirani wa chini akabisha. Alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, na nyuma yake alisimama askari mwenye bunduki.

"Mwalimu, hii Wahindi umetoa wapi?"

"Si Wahindi, afande. Ni watu wa dini. Wana pasi."

"Dini gani ya kuvaa pazia?"

Pasi zilikuwa sawa. Nilianza kupumua, kumbe askari ameshaingia chumbani. Akatoka akiburuta gunia. Siku hizo kuficha sukari kulikuwa magendo, na watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, wasirudi.

"Haa! Ndiyo dini yenyewe!" Sajini akamnyooshea kidole mtawa mzee, kisha gunia. "Wewe, baba ya pazia. Beba. Tunaenda."

Nikatafsiri. Mzee akajibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba hawezi. Kanuni yao haimruhusu kuchukua kitu ambacho mwenyewe hajampa mkononi. Hata ndizi zilizokuwa mezani hawakuzigusa mpaka nilipowapa.

"Mwenyewe ni nani?" akaniuliza.

"Anasema nini huyo?" sajini akafoka.

Nakiri kwamba nilikuwa nikipiga hesabu. Hawa wana nchi ya kurudishwa, mimi sina nyingine. Hawana mke wala watoto. Na isitoshe, wanaamini kwamba mtu huzaliwa tena.

Askari akakoki bunduki. "Beba!"

Mzee hakusogea. Jasho lilimtiririka shingoni, nikaona kwamba anaogopa kama mimi.

"Ni yangu," nikasema.

"Nini?"

"Sukari, afande. Ni yangu. Wao hawakujua."

Sajini akanigeukia polepole. "Mama watoto alikuja hapa juzi na kikombe. Mtoto anaumwa, anataka uji. Ulimwambia nini?"

"Nilisema hakuna."

"Sema tena."

"Nilisema hakuna, afande."

Kofi likarusha miwani yangu hadi mlangoni. Nikasubiri kuambiwa nishuke, nipande gari lao. Lakini sajini alikuwa akimtazama mtawa.

"Na huyu mzee anakataa nini? Haoni bunduki?"

Nikamweleza ile kanuni. Akaguna.

"Kumbe Kampala hii iko mtu hachukui kitu ya wenzake." Askari akacheka, akatazamwa, akaacha. "Basi, mpe."

Nililiinua gunia, nikaliweka mikononi mwa mzee. Akalipokea kama anavyopokea wali, akageuka, akamkabidhi sajini kwa mikono miwili. Sajini naye akapokea kwa mikono miwili, nadhani bila kutaka, kama alivyofunzwa kwao. Wakashuka, yeye na askari, wakaniacha.

Niliokota miwani nikingoja kusifiwa.

"Yule bwana alikuuliza nini kabla ya kukupiga?" mzee akasema.

"Habari za mtoto wake. Anaumwa."

"Anaumwa nini?"

Sikujua. Mwaka mzima nilikuwa nimelala juu ya dari lao, na sikujua hata kama ni wa kike au wa kiume.

"Twende tukamwone," akasema, akivaa ndala.

Nilikuwa na sababu tatu za kutokwenda, zote nzuri, na shavu bado linawaka. Nilipomaliza kuzipanga, yeye alikuwa katikati ya ngazi. Nikamfuata.