Mkate Mgumu na Sabuni ya Safi

Nakumbuka siku moja vizuri kuliko hata siku ya ndoa yangu, mjukuu wangu Safi. Ilikuwa kule kijijini Wamaza, kabla sijaolewa. Nyuma ya nyumba ya baba kulikuwa na kichuguu kikubwa, nami nilikitoboa tumbo nikakifanya tanuru ya mikate, kama nilivyoona kwa Mama Mwavita, mke wa dereva aliyetoka Kasongo. Kabla ya kumwona yeye, sikujua kama mwanamke wa kwetu anaweza kuoka akauza. Nia haianguki kutoka juu, mwanangu. Huingilia machoni.

Lakini nilikuwa sijajua kungoja moto upungue. Mikate ya kwanza ilitoka myeusi, migumu kama mawe, nami kwa ujinga nikaipeleka barabarani hivyo hivyo. Walikuwepo majirani, Zaina, Riziki, Mariamu binti Saidi, na Kungwa mwenye pengo. Sijamsahau hata mmoja.

"Feza, leta mingi tujengee nyumba!" Kungwa akapaza sauti.

"Mumuache," Riziki akaitikia. "Mutoto wa watu anachoma matofali, munamucheka bure!"

Nikaziba mdomo wa tanuru kwa majani, nikaingia ndani. Nikajiambia Mungu hakuniandikia. Uongo huo ni mtamu sana, mwanangu. Unamsingizia Mungu kazi ya majirani.

Kesho yake shangazi yangu Asha, dada ya baba, akanikuta natwanga sombe, majani ya muhogo.

"Tanuru iko namna gani?"

"Imekufa, shangazi. Watu wanacheka."

"Na wewe unangojea wachoke? Mutu wa kucheka hachoki. Hauogope moto, unaogopa macho. Leta huo mukate."

Akabeba chai yake, akaketi barabarani mbele ya wale wale, akachovya mkate mweusi, akautafuna polepole mpaka ukaisha. Mimi nikangoja kusifiwa.

"Chumvi iko kidogo," akasema. "Na moto ulikushinda. Oka tena, nitakuja kula."

Basi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shangazi hakunisifu, ila aliiona kazi yangu kuwa kazi. Nikaoka tena. Vita ilipotufukuza Wamaza, tanuru ilibaki nyuma, nikachimba nyingine hapa Kabambare. Shangazi hakufika. Tulimzika njiani, Mungu amrehemu. Na mikate hiyo ndiyo iliyomsomesha Juma, mwanangu wa kuzaa, baba yako.

Sasa nasikia unakaribia kumaliza masomo ya iniversite huko Kasongo, na nia yako ni kutengeneza sabuni ya mawese. Nasikia pia baba yako amesema hakukusomesha ili ukauze sabuni, ungojee kazi ya biro, ya kukaa ofisini. Nawe umeanza kusema labda Mungu hakukuandikia. Neno hilo nalijua, mwanangu. Nimelilalia.

Baba yako si mbaya. Anaogopa macho, kama nilivyoogopa mimi. Nitasema naye mwenyewe. Aliyekua kwa mkate wa kichuguu hawezi kuionea haya sabuni.

Wewe shika haya. Usiingie katika biashara kwa kuwa wenzako wote darasani wanaitaja, wala usiiache kwa kuwa nyumbani wanaguna. Mtafute mama anayepika sabuni, ukae karibu naye uangalie mikono yake, maana karatasi haikuonyeshi mafuta yameiva lini. Anza na sufuria ndogo, hata ukiharibu uharibu kidogo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na zaidi ya yote, uwe na mtu mmoja atakayekula mkate wako mgumu kisha akuambie ukweli.

Mtu huyo ni mimi. Kipande cha kwanza, hata kikitoka kibaya, mpe mwenye pikipiki aniletee. Nitakifulia mtoni mbele ya wanawake wote, na kikinichubua mikono nitakuambia. Kisha utapika tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe uso usioogopa macho. Mafuta yakukubali, povu lisikunyime, na mlango wako usikose wa kubisha hodi. Shangazi Asha huko aliko aitikie amina.