Mkono Mtupu wa San Antonio

Nilipokuwa mtoto huko Fisksätra, Uswidi, kabla sijajua kwamba digrii ni karatasi ya kufungia maandazi, niliamini mtakatifu wa mbao anaweza kulazimishwa.

Alikuwa wa Doña Elvira, jirani yetu kutoka Bolivia, aliyenitunza Maman akienda kusafisha maofisi. Babu yake ndiye aliyemchonga San Antonio huyo na kumpaka rangi: joho la kahawia, mashavu mekundu kama ya mlevi, na mkononi Mtoto Yesu, mdogo kama kidole gumba, amechomekwa kwa kijiti.

“Ukitaka kitu, vännen, rafiki yangu, unamnyang'anya mtoto, unamficha,” aliniambia kwa Kiswidi chake cha kuokoteza. “Akikupa, unamrudishia siku hiyohiyo. Usipomrudishia, naye anakunyang'anya.”

Mimi nilitaka Papa. Alikuwa Uvira, Kongo, na kibali chake cha kuja kuishi nasi tulikuwa tunakisubiri mwaka wa tatu. Basi nikamchomoa Yesu, nikamtia mfukoni mwa jaketi.

Maman, mlokole wa mikesha, alimkuta akitaka kufua. “C'est quoi ça? Nini hiki? Sanamu ndani ya nyumba yangu?”

Sikusema ni ya nani. Akaitupa kwenye bomba la takataka pale kwenye ngazi, nikaisikia ikigonga, ikigonga, hadi chini.

Doña Elvira alitafuta hata chini ya kochi. “Vännen, hujamwona mtoto?”

“Nej, sijamwona,” nikasema.

Baada ya wiki mbili kibali kikatoka. Maman alipiga vigelegele, akapika sombe, kisamvu cha kwetu. Mimi nililia, maana sikuwa na mtoto wa kumrudishia mtakatifu; Maman akadhani ni furaha. Papa alikufa kwa malaria, tiketi iko tayari, siku nne kabla ya kupanda ndege.

Najua. Malaria haijui Kihispania. Nimekaa chuo kikuu miaka mitano ili niweze kusema hivyo, na tazama nilipofika: arbetslös, sina kazi, nalala kwenye kochi la mama. Mchana naamini nilichosomea.

Doña Elvira alipofariki, binti yake aliniletea San Antonio amefungwa kwa taulo. “Mamma alisema ni wako. Alijua tangu siku ile. Alisema wewe ulikuwa na shida kuliko yeye.”

Sasa anasimama dirishani, mkono ameunyoosha, kiganjani tundu la kijiti, ananitazama nikituma maombi ya kazi. Wenzangu wananitania: muombe huyo basi.

Simuombi. Nitamnyang'anya nini tena?